Barua Zilizotunzwa: Tuliyosoma Pamoja Siku za Posho



Kwa majuma saba mfululizo, kila siku ya posho baada ya likelemba, wamama wa kikundi chetu hapa Katuba wamebaki kwenye viti vyao badala ya kukimbilia nyumbani. Pesa zikishahesabiwa na daftari kufungwa, tulikuwa tunafungua kitabu. Hakikuwa kitabu cha sala wala cha mapishi. Kilikuwa kitabu cha barua za kweli, ambazo mtu aliziandika kwa mkono wake, akazitia katika bahasha na kuzipeleka posta, bila kujua kwamba siku moja wamama wa Lubumbashi watazisikiliza huku wakichambua sombe.

Kitabu hicho kinaitwa Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Kilitayarishwa na Profesa M. M. Mulokozi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikakitoa mwaka 2002. Kwetu kilifika kwa njia inayofikisha vitu vingi hapa mjini. Mama mmoja wa kikundi chetu anayekwenda Dar es Salaam kuchukua vitenge alikinunua huko, akakiweka katikati ya mabalo yake, nacho kikapita Tunduma, kikapita Zambia yote, kikaingia Kasumbalesa bila kulipiwa kitu. Alipotukabidhi alisema, "Mwalimu, mimi sina muda wa kusoma. Mtusomee." Ndivyo tulivyoanza.

Ndugu wawili, kalamu mbili

Wengi wenu mnalijua jina la Shaaban Robert hata kama hamjasoma kitabu chake. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, kwenye pwani ya Tanzania ya leo, akafariki mwaka 1962. Ndiye aliyeandika Kusadikika, Adili na Nduguze na vingine vingi. Tukisikia sifa zake tunaweza kudhani alikuwa mtu wa kukaa kitako akiandika tu. Sivyo. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Alianza kazi ya forodha mwaka 1926, na miaka iliyofuata akahamishwa huku na huku kama wanavyohamishwa walimu na wafanyakazi wa reli kwetu. Kazi ya kutunga vitabu aliifanya kwa saa zilizobaki.

Barua hizi alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Zinaanza mkubwa akiwa kijana wa miaka 22 na kuishia akiwa mtu mzima wa miaka 49. Yusuf naye alikuwa mtu wa vitabu. Alitunga hadithi, na kitabu chake Nguzo ya Maji kilisomwa sana na watoto wa shule wa Afrika Mashariki. Basi hapa tuna ndugu wawili waliopenda kusoma na kuandika, mmoja huku, mwingine kule, na kati yao posta.

Ndani ya barua hizo mna habari za nyumba na ukoo, kazi na uhamisho, afya, pesa isiyotosha, na tena na tena kazi ya kuandika vitabu na kutafuta mtu wa kuvichapa. Wamama walishangaa kwa hilo. Mmoja alisema alidhani mtu mkubwa kama huyo huandikia mambo makubwa tu. Kumbe naye alihesabu senti, naye alikuwa na wagonjwa, naye alifiwa na mke wake Amina. Aliyoyaandika vitabuni juu ya uvumilivu na utu hakuyatoa hewani. Aliyaishi kwanza nyumbani.

Lugha yake ilitusumbua kidogo mwanzoni. Kiswahili cha Tanga si hiki chetu cha Katuba na Kenya. Mara nyingi ilibidi kusimama, kuuliza neno maana yake nini, na kulitafutia lake la hapa. Lakini hiyo nayo ilikuwa faida. Binti mmoja wa sekondari, aliyekuja kumfuata mama yake tu, alianza kuandika maneno hayo katika daftari lake, na sasa ana kurasa nne. Hatujapata kumwona darasani akifanya hivyo bila kuagizwa.

"Barua ya mtu haifunguliwi"

Juma la pili tulikaribia kugombana. Nkambo mmoja, mwenye umri kutupita sote, aliinua mkono akasema kwamba haoni vizuri. Yeye alifundishwa kwamba barua ya mtu haifunguliwi. Kama kaka amemwandikia mdogo wake, sisi tunatafuta nini humo?

Swali hilo lilikuwa zuri, na tulilikalia mpaka jioni. Wengine walisema mwandishi akishakufa maneno yake ni ya watu wote. Wengine walikataa: marehemu naye ana heshima yake. Mwishoni tulipatana juu ya mambo matatu. La kwanza, barua hizi zimekaa miaka mingi, na wenye kuzisoma leo hawawezi kumdhuru wala kumcheka aliyeziandika. La pili, zilitayarishwa kwa uangalifu, si kwa kutafuta aibu za watu. La tatu, anayezisoma azisome kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, asiyenyanyua pazia la chumba cha kulala.

Hapo mama mwingine akatugeuzia maneno. Alisema, "Barua za watu waliokufa tunaziheshimu namna hii, lakini ujumbe wa jirani kwenye WhatsApp tunausambaza kabla hajamaliza kuandika." Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana wengi wetu tulijiona. Maneno aliyokuandikia mtu peke yako ni amana. Kama unataka kumwonyesha mwingine, muulize kwanza mwenyewe. Sheria hiyo haibadiliki kwa sababu karatasi imekuwa simu.

Majibu yako wapi?

Swali la pili la nkambo lilikuwa gumu zaidi. Alikuwa amesikiliza karibu kitabu chote, na kila barua ilikuwa ya Shaaban kwenda kwa Yusuf. Akauliza, "Na huyu mdogo, hakujibu? Majibu yake yako wapi?"

Bila shaka alijibu. Hakuna mtu anayeandikiwa kwa miaka 27 akanyamaza. Lakini kitabu hiki ni cha upande mmoja. Tunamsikia mkubwa akisema, na mdogo tunamkisia tu, kama mtu anayesikiliza jirani akiongea kwenye simu.

Hata hivyo, fikirini jambo hili. Ni nani aliyetufanya tuweze kusoma? Aliyeandika ni Shaaban, lakini kama aliyeandikiwa angesoma na kutupa, leo tusingekuwa na kitu. Barua ikishatoka mkononi mwa mwandishi, si yake tena. Maisha yake yako kwa aliyeipokea. Miaka ile ilikuwa na vita vya dunia, uhamisho, mvua za pwani na mchwa, na bado karatasi hizo zilipona. Tunamsifu sana mwenye kuandika na kumsahau mwenye kutunza. Na katika nyumba zetu, wamama, mwenye kutunza ni nani?

Vitabu na nyama ya kopo

Ili wamama waone kwamba hili si jambo la Afrika tu, siku moja tuliacha kitabu cha Shaaban Robert tukawahadithia kingine tulichokisoma kwa Kifaransa. Jina lake ni anwani ya duka: 84, Charing Cross Road. Ni barua za kweli kati ya mwanamke wa New York, Helene Hanff, na duka la vitabu vya zamani la Marks & Co huko London.

Mwaka 1949 Helene, mwandishi asiye na pesa nyingi, aliandika kuuliza vitabu asivyovipata kwao kwa bei anayoiweza. Aliyemjibu alikuwa karani wa duka, Frank Doel. Frank alikuwa mtu wa adabu nyingi, na ilipita miaka kabla ya kuthubutu kumwita kwa jina lake la kwanza. Helene yeye alikuwa mtu wa utani na kelele. Kwa barua hizo walijadiliana vitabu kama watu wanavyojadiliana juu ya watoto wao.

Kisha Helene akasikia kwamba Uingereza, ingawa vita vilikuwa vimekwisha, chakula bado kiligawiwa kwa vipimo, nyama kidogo na mayai ya kuhesabu. Akaanza kutuma vifurushi vya nyama, mayai na vyakula vya kopo. Wafanyakazi wote wa duka waligawana. Kisha wao pia wakaanza kumwandikia kushukuru, na mke wa Frank naye akaandika. Mgao ule wa chakula ulikwisha kabisa mwaka 1954, lakini barua hazikwisha.

Wamama walielewa hapo hapo. Nani kati yetu hajatuma unga na samaki wakavu kwa mtoto anayesoma Kinshasa? Nani hajaweka kikaratasi katikati ya mfuko wa unga?

Kwa miaka 20 Helene alisema atakwenda London. Kila mara kulitokea kitu. Mara moja pesa zake za safari ziliishia kwenye matibabu ya meno. Mwishoni mwa 1968 Frank alifariki, na habari ikamfikia Helene kwa barua kutoka dukani. Hawakuonana hata siku moja. Kitabu kilitoka mwaka 1970, na alipofika London mwaka 1971, duka lilikuwa limefungwa.

Mama anayefuata vitenge Dar es Salaam alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno moja tu: "Angekwenda."

Sanduku chini ya kitanda

Juma la tano mama mmoja alikuja na sanduku dogo la bati. Hatutataja jina lake. Ametupa ruhusa kusimulia, si kumtaja. Mume wake alifanya kazi mbali na mji, na kwa miaka kadhaa alikuwa akimtumia barua pamoja na pesa. Yeye hakusoma shule. Barua zikifika, jirani alimsomea mara moja, haraka, mlangoni, na yeye akazikunja na kuziweka. Mume alifariki. Jirani alihama. Barua zikabaki chini ya kitanda zaidi ya miaka 30, na yeye akakumbuka tu kwamba zilisema salamu, na kwamba pesa zilikuwa kiasi fulani.

Alituomba tuzisome. Tulimwambia asizitoe mbele ya watu wote kwanza; azipeleke kwa binti yake, fundi wa kushona, anayejua kusoma. Juma lililofuata walikuja wote wawili. Binti ndiye aliyesoma barua moja, ile waliyoichagua pamoja.

Ilikuwa barua fupi. Baba aliuliza juu ya mvua, juu ya deni la makala, juu ya mguu wa mama mkwe. Kisha akaandika kwamba katika pesa zile, sehemu atoe kwa ajili ya kumnunulia mtoto wa kike daftari na kitabu cha kujifunza kusoma, kwa sababu wakati wake umefika, naye hataki aachwe nyuma ya kaka zake.

Binti alikuwa amekua akiamini kwamba ni mama peke yake aliyepigania masomo yake, na kwamba baba hakujali. Hakumlaumu mtu; jirani yule pengine aliruka mistari kwa haraka, au mama alisikia na kusahau katika taabu za kufiwa. Kitabu hakika kilinunuliwa, maana alisoma. Lakini neno la baba lilikuwa limekaa chini ya kitanda miaka yote hiyo, hatua mbili kutoka mahali alipolala.

Siku hiyo hatukurudi kwenye kitabu cha Shaaban Robert.

Nasi tulizichoma

Sisi tunaoandika makala hii tuna la kuungama. Katika nyumba tuliyokulia kulikuwa na mfuko wa barua za mjomba, aliyesoma mbali na ambaye kila mwezi aliwaandikia wazazi wetu juu ya vitabu alivyovisoma. Ni yeye aliyetutia hamu ya kuwa mwalimu. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, makala yakiwa yamelowa, tulitumwa kuwasha mbabula. Tulichukua karatasi kavu zilizokuwa karibu. Bukari iliiva. Hakuna aliyetugombeza, kwa sababu hakuna aliyehesabu karatasi zile kuwa mali. Leo mjomba hayupo, na tunakumbuka sentensi zake mbili au tatu tu, tena hatuna hakika nazo.

Msidhani kwamba simu imeturahisishia. Simu ikiibwa sokoni au ikianguka katika ndoo ya maji, maneno mengi huondoka nayo. Wamama wanne katika kikundi chetu wamepoteza kwa njia hiyo sauti za watu waliokwisha kufa.

Wapo wanaosema, "Mimi siandiki, Kiswahili changu si bora." Tunawajibu kwa mfano wa hapa hapa mjini. Mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji huu, wakati ule ukiitwa Elisabethville, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa maboyi katika nyumba za wazungu. Hakuandika Kiswahili cha Tanga wala cha Unguja. Aliandika Kiswahili cha kwetu, kama kinavyosemwa. Nakala moja ilitunzwa, na mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian akaitoa kuwa kitabu kinachosomwa katika vyuo vikuu. Kama wale wafanyakazi wangesubiri mpaka Kiswahili chao kiwe bora, tusingejua walivyouona mji.

Na kwa mama kumwandikia binti yake, mfano upo tangu zamani. Mwaka 1858, katika kisiwa cha Pate, Kenya ya leo, Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa. Akamwita binti yake, akamtaka alete wino na karatasi, na akamtungia utenzi mrefu wa mawaidha. Muda si mrefu baadaye alifariki. Wamama wetu hawakuyakubali yote aliyoyasema Mwana Kupona juu ya mke na mume. Majadiliano yalikuwa moto. Lakini walikubaliana kwamba kutokubaliana na mama ambaye amekuachia maneno ni bora kuliko kutojua alifikiri nini.

Tunayowaomba mfanye

Hatutaki makala hii iishie katika kusifu. Haya ndiyo tuliyokubaliana katika kikundi, na kila kikundi kinaweza kuyafanya bila kungoja msaada wa mtu.

Tafuteni barua za zamani nyumbani: katika masanduku, katika Biblia, nyuma ya picha za ukutani. Ziwekeni katika bahasha kavu, ndani ya bati lenye mfuniko, mbali na maji, panya na mbabula. Kwa kalamu ya risasi andikeni nyuma jina la aliyeandika, aliyeandikiwa, na mwaka kama mnaujua.

Kama hamjui kusoma, chagueni msomaji mnayemwamini, na mwambieni asome polepole, kila mstari, hata mistari ya salamu.

Ujumbe wa simu unaoupenda, unakili katika daftari kwa mkono. Dakika kumi zinatosha.

Kila mama aandike barua moja kwa kila mtoto wake, hata kama wanaishi nyumba moja. Si lazima iwe ndefu. Mweleze siku aliyozaliwa ilikuwaje, nani alikuwepo, mvua au jua, na kitu kimoja unachomtakia. Asiyejua kuandika atamke, na mwenzake aandike bila kuongeza wala kupunguza.

Mama mmoja tayari alituma yake kwa binti yake aliyeko Kolwezi, ambaye walikuwa hawasemeshani vizuri tangu harusi. Aliipeleka kwa mkono wa dereva. Siku tatu zilipita kimya. Kisha binti akapiga simu. Hakusema habari za ugomvi. Aliuliza tu kama ni kweli usiku ule aliozaliwa umeme ulikatika na akapokewa kwa mwanga wa mshumaa. Waliongea mpaka salio likaisha.

Siku ya posho ijayo, baada ya likelemba, tutaanza kitabu kingine cha Shaaban Robert: Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, ambamo mna utenzi alioutunga kumpa mawaidha binti yake. Njooni na daftari na kalamu. Asiye na kalamu aje hivyo hivyo, zipo. Na mwenye bati la barua chini ya kitanda, alifungue kwanza nyumbani na watu wake. Akipenda, kisha alilete.